Nyumba Yako, Udongo wa Serikali

Abiria anayeshuka kwenye pantoni la Kigamboni pale Feri, akalipita soko la samaki na kushika njia ya Kariakoo kwa miguu, ana kama kilomita 3 mbele yake. Katika mwendo huo mfupi anavuka ramani tatu. Kwanza ni upande wa Magogoni na Kivukoni: Ikulu, ofisi za serikali, miti mikubwa na viwanja vipana. Kisha inafuata mitaa ya kati, yenye majengo ya zamani ambayo duka liko chini na familia ziko juu. Halafu majengo yanakoma ghafla, uwanja wa Mnazi Mmoja unafunguka, na ng'ambo yake inaanza Kariakoo, mitaa imenyooka na kukatana kama daftari la hesabu. Hakuna mto wala kilima kinachozitenga sehemu hizo. Zilitengwa mezani, kwa rula.

Kabla ya rula palikuwa na Mzizima, kijiji cha Washomvi na Wazaramo, wavuvi na wakulima. Mipaka yao ilijulikana kwa njia, kwa mwembe, kwa kumbukumbu za wazee. Na kama kwingineko pwani, mti ulikuwa na mwenyewe na udongo ulikuwa na mwenyewe. Mtu aliweza kuwa na minazi kumi ndani ya shamba la mwenzake. Minazi hiyo iliuzwa, ikarithiwa, ikawekwa rehani, huku ardhi iliyoibeba ikibaki kwa mwenye ardhi. Kilichosimama juu kilikuwa mali moja, kilicholala chini mali nyingine.

Katika miaka ya 1860 Sultani Majid bin Said wa Zanzibar alianza kujenga mji hapo na kuuita Dar es Salaam. Alifariki mwaka 1870, kazi haijaisha, na ndugu yake Barghash hakuiendeleza. Kampuni ya Wajerumani ilifika mwaka 1887, na kufikia 1891 makao makuu ya koloni yalihamishwa kutoka Bagamoyo. Mwaka huohuo zikatoka kanuni za ujenzi: ufukweni pajengwe kwa namna ya Kizungu, na nyumba za miti na udongo zikae mbali.

Kalamu nzito zaidi ilipitishwa Novemba 26, 1895. Kwa amri ya Kaisari, ardhi yote ya Afrika Mashariki ya Kijerumani isiyo na mwenyewe ikawa mali ya dola. Mtego ulikuwa kwenye maneno hayo, "isiyo na mwenyewe". Aliyedai kuwa na ardhi alitakiwa athibitishe, na uthibitisho uliopewa uzito ulikuwa karatasi. Mwembe uliopandwa na babu haukuwa na mhuri.

Ndipo mpima akaingia na theodolaiti ya kupimia pembe na mnyororo wa kupimia urefu. Kazi yake ilikuwa kukigeuza kipande cha nchi kiwe namba: pembe kadhaa, urefu kadhaa, bikoni kwenye kila kona, mchoro mmoja ofisini. Kilichopimwa na kuandikwa kwenye daftari la ardhi kiliweza kuuzwa na kukopewa. Kisichopimwa kilibaki maneno ya watu.

Kariakoo yenyewe ilizaliwa ramani kabla ya kuwa mtaa. Palikuwa na shamba la Mjerumani aitwaye Schöller, ambalo serikali ililinunua muda mfupi kabla ya Vita Kuu ya Kwanza ili iwahamishie Waafrika huko. Mpango ulikuwa wa kanda tatu: ya Wazungu, ya biashara iliyokaliwa zaidi na Wahindi, na ya Waafrika, pamoja na ukanda mtupu wa kuitenga ile ya tatu. Vita vikaukatiza. Septemba 1916 Waingereza waliuteka mji, na eneo lile likawa kambi ya kikosi chao cha wapagazi, Carrier Corps. Ulimi wa Kiswahili ukalifinyanga jina hilo kuwa Kariakoo.

Vita hivyo vimebaki kwenye vibao vya mitaa. Wateja wanaosukumana leo Narung'ombe, Tandamuti na Mahiwa wanapita kwenye majina ya mapigano ya mwaka 1917 huko kusini, ambako wapagazi walibeba risasi na chakula kichwani na wengi hawakurudi.

Waingereza waliifuata ramani ya Wajerumani. Ukanda mtupu ukakamilishwa, nyumba zilizokuwa njiani zikaondolewa hatua kwa hatua, na mahali hapo pakajulikana kwa jina la Mnazi Mmoja. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1923 ikatamka kuwa ardhi yote ya Tanganyika ni ya umma, chini ya mamlaka ya Gavana, isipokuwa ile iliyokwisha kumilikishwa kisheria. Mtu angepewa haki ya kuitumia tu, kwa muda usiozidi miaka 99.

Miaka 99, lakini kwa nani? Penye majengo ya mawe hati ndefu zilipatikana. Kariakoo mwenye nyumba alikuwa na haki ya muda mfupi na alilipa kodi ya kiwanja serikalini. Nyumba ilikuwa yake: vyumba sita, vitatu kila upande wa ukumbi, ua nyuma wenye jiko na choo, kuta za fito na udongo, boriti za mikoko, paa la makuti na baadaye bati au madebe yaliyonyooshwa. Alipangisha vyumba, na wenye nyumba wa namna hiyo, wakiwemo wanawake wengi, waliishi kwa kodi. Ila udongo chini ya kitanda chake haukuwa wake. Benki haikuwa na cha kushika, na bila mkopo hakuna ukuta wa mawe. Ile sheria ya mnazi ilirudi kwa sura mpya, safari hii mwenye shamba akiwa serikali.

Mwaka 1956 shule ya kufundisha mafundi wa upimaji ilifunguliwa Mgulani. Miaka miwili baadaye ikahamia kwenye kilima karibu na kilipo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam sasa, na ndiyo Chuo Kikuu Ardhi cha leo. Mwaka 1958, serikali ya kikoloni ilipopendekeza Waafrika waruhusiwe kumiliki ardhi moja kwa moja, Nyerere alipinga katika kijitabu chake "Mali ya Taifa". Hoja yake ilikuwa kwamba jasho la mtu ni lake, bali ardhi hakuiumba yeye, na penye soko huria matajiri wachache wangeinunua yote.

Baada ya uhuru hoja hiyo ikawa sheria. Mwaka 1963 miliki za kudumu, zikiwemo za tangu enzi za Wajerumani, ziligeuzwa kuwa upangaji wa serikali wa miaka 99, na mwaka 1969 upangaji huo ukawa haki ya kawaida ya kuitumia ardhi. Aprili 1971 zamu ikawa ya majengo: yaliyopangishwa na kuzidi thamani ya shilingi 100,000 yalitaifishwa na kukabidhiwa kwa Msajili wa Majumba. Pigo hilo lilitua zaidi kwenye ramani ya kati, kwa familia za Kihindi. Mabanda ya vyumba sita ya Kariakoo hayakuifikia thamani hiyo, na udhaifu wa kuta zake ukawa ngao.

Ngao hiyo haikuwafaa vizazi vyote. Kwa miongo mingi ardhi tupu haikuwa na bei kisheria. Kilichouzwa na kulipiwa fidia kilikuwa maendelezo: nyumba, kisima, miti. Hivyo banda bovu liliuzwa "kama nyumba" kwa pesa nyingi na kubomolewa upesi, kwa kuwa mnunuzi alifuata kiwanja. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, iliyoanza kutumika Mei 2001, ilikiri kwamba ardhi ina thamani, huku ikisisitiza kuwa ni ya umma na Rais ni mdhamini wake.

Leo maghorofa yamesimama kwenye vipimo vilevile vya viwanja vilivyokatwa kwa ajili ya nyumba za udongo. Ndiyo maana mapaa yanakaribia kugusana na jua halifiki chini. Tangu mwaka 2008 iko pia sheria ya kumiliki sehemu za majengo. Mfanyabiashara anaweza kuwa na hati ya fremu yake kwenye ghorofa ya nne Mtaa wa Kongo, ikiwa na mchoro wa kuta na sakafu, namba yake na fungu lake katika ngazi na korido. Kiwanja kilicho chini anakishiriki na wenye sehemu wote, kwa miaka iliyoandikwa kwenye hati, na kodi ya pango la ardhi hulipwa serikalini kila mwaka.