Bizari ipi?

Ukienda sokoni Chake Chake, Pemba, ukataka "bizari" tu, muuzaji atakuuliza: ya mchuzi, nyembamba au ya manjano? Ni vitu vitatu. Nyembamba ndiyo wengine waiitayo uzile, ile ya pilau. Ya manjano ni mzizi uliokaushwa ukasagwa. Ya mchuzi ni mchanganyiko: giligilani, bizari nyembamba, manjano, uwatu, pilipili manga, na kila nyumba na kipimo chake.

Neno lina asili ya Kiarabu, na Oman hadi leo viungo vilivyochanganywa huitwa bizari. Bara wengi hutamka binzari, na mara nyingi humaanisha manjano peke yake. Hapo ndipo mapishi yanapoharibika. Nawasihi waandishi wa mapishi: taja bizari ipi. Anayeanza kupika hana wa kumuuliza.

Ukishaijua, mchuzi wa samaki hauchukui muda. Kaanga kitunguu na thomu, tia bizari ya mchuzi, ikaange kidogo mpaka inukie. Ikitiwa mwisho hubaki na ladha ya unga mbichi. Mimina tui jepesi, tia changu na embe mbichi au ndimu. Samaki akikaribia kuiva, tia tui zito, punguza moto na ukoroge taratibu bila kumvunja samaki. Moto ukiwa mkali tui hujitenga, mafuta yakaelea juu. Karafuu, ingawa Pemba ndiyo kwao, hapa sitii. Naiweka kwa pilau.