Askari wa Kifaru: ulinzi uliokuwapo huku watu wakifa

Mbugani, kifaru haoni mbali. Anayemwonea ni ndege mdogo anayetua mgongoni mwake kudonoa kupe. Ndege huyo akimwona mtu ananyemelea hupiga kelele, na kifaru akashtuka. Kwa Kiswahili anaitwa askari wa kifaru.

Jina la kifaru ndilo lililopewa gari la vita lenye minyororo na mzinga, na linalifaa kwa sababu ya ngozi. Tangu vifaru vya Waingereza vilipojikokota kwenye matope ya Somme, Ufaransa, Septemba 1916, ulinzi wake kwa zaidi ya miaka 60 ulikuwa ngozi tu: adui akipata risasi inayotoboa, wewe ongeza chuma. Wazo la kukipa kifaru ndege wake, yaani chombo cha kuliona kombora likija na kulipasua angani, lilichelewa kuzaliwa. Tena lilipozaliwa likawekwa kabatini, likatolewa baada ya msiba. Huko kuwekwa kabatini ndiko kunakoniuma kila ninaposoma historia hii.

Chuma kilishindwa na baruti yenye shimo. Mwaka 1888 mkemia wa Marekani, Charles Munroe, aligundua kwamba baruti iliyochimbwa upande mmoja huelekeza nguvu yake upande huo. Wengine baadaye waliweka koni nyembamba ya shaba ndani ya shimo hilo. Baruti inapolipuka, koni husagika na kuwa mkuki mwembamba unaokwenda kilomita kadhaa kwa sekunde moja. Mkuki huo hautegemei kasi ya kombora lenyewe, wala hauhitaji mzinga mkubwa. Ndiyo maana mwaka 1943 Wajerumani waliweza kumpa askari wa miguu bomba la Panzerfaust, na yeye peke yake akatoboa bamba la chuma la milimita 200. Kijana aliyejificha nyuma ya ukuta akawa sawa na kifaru cha tani 30.

Oktoba 1973, jangwani Sinai, askari wa Misri walivuka Mfereji wa Suez wakiwa na mabomba ya begani ya RPG-7 na makombora ya Kisovieti ya Malyutka, yaliyoongozwa kwa waya hadi umbali wa kilomita 3. Israeli ikapoteza mamia ya vifaru katika vita visivyofika wiki tatu. Majeshi mengi yalijibu kwa ngozi mpya. Mjerumani Manfred Held alikuwa tayari amebuni visanduku vya baruti vinavyobandikwa juu ya deraya: mkuki wa shaba ukigusa kisanduku, nacho hulipuka na kuuvuruga. Vifaru vya Israeli viliingia navyo Lebanon mwaka 1982.

Wasovieti walikwenda mbali zaidi. Katika mji wa Tula, unaojulikana kwa bunduki na birika za chai, wahandisi walitengeneza mtambo wenye rada ndogo pande mbili za kichwa cha kifaru na roketi fupi za milimita 107. Rada ikiona kitu kinakuja kwa kasi ya kombora, roketi inafyatuka yenyewe na kupasuka mbele yake, mita chache tu kutoka kwenye kifaru. Mwanadamu hashirikishwi, kwa kuwa hana muda. RPG iliyorushwa kutoka mita 100 hufika katika muda unaokaribia kupepesa jicho. Mtambo huo uliingizwa jeshini mwaka 1983, ukafungwa kwenye vifaru vya T-55 vya askari wa majini. Waliuita Drozd, na drozd kwa Kirusi ni jina la ndege mdogo. Sidhani kuna mtu Tula aliyemjua askari wa kifaru, lakini jina liliangukia palepale.

Drozd ilikuwa na kasoro za kweli. Ililinda mbele tu, ubavu na mgongo vikabaki wazi. Vipande vyake viliweza kumuua askari wa miguu anayetembea kando ya kifaru, na askari wa miguu ndiye macho ya kifaru mjini. Hata ndege wa mbugani, pamoja na kelele zake za msaada, hudonoa vidonda vya mwenyeji wake. Visanduku vya baruti vilikuwa rahisi na vya bei nafuu, navyo vikaenea. Ndege wa Tula akabaki kwa wachache.

Kisha ikaja Grozny. Desemba 31, 1994, kikosi cha Maikop cha jeshi la Urusi kiliingia katika mji huo mkuu wa Chechnya, barabara zikiwa nyembamba na wapiganaji wakiwa ghorofani na kwenye vyumba vya chini ya ardhi wameshika RPG. Sehemu kubwa ya vifaru vyake iliteketea. Urusi, mrithi wa Wasovieti, ilikuwa na uzoefu wa zaidi ya miaka kumi wa kupasua makombora angani, na mjini Kolomna mtambo mpya zaidi, Arena, ulikuwa ukitengenezwa. Arena ikaonyeshwa kwa wageni na wanunuzi. Askari wa Urusi hawakuipata kwa wingi.

Israeli nayo ilirudia kosa hilohilo. Kampuni ya Rafael ilikuwa na mtambo wa Trophy kabla ya vita vya Lebanon vya mwaka 2006, lakini fedha za kuufunga kwenye vifaru hazikutolewa. Agosti mwaka huo, katika bonde la Saluki, vifaru 24 vya Merkava vya Brigedi ya 401 viliingia kwenye mtego wa Hezbollah. Vifaru 11 vilipigwa na askari 12 wakafa. Trophy ilianza kufungwa mwaka 2009, na brigedi iliyotangulia kuipata ni hiyohiyo ya 401.

Machi 1, 2011, karibu na mpaka wa Gaza, Trophy ilipasua kombora lililorushwa kwa kifaru na wote waliokuwamo wakatoka wazima. Rada zake nne hutazama pande zote. Kompyuta hupima njia ya kombora. Likiwa linapita pembeni huachwa lipite, likiwa linakuja hupigwa kwa mvua ya vipande vya metali. Kwangu mimi jambo kubwa zaidi ni lile linalofuata: mtambo huwaambia waliomo ndani kombora limetoka wapi, nao wakageuza mzinga. Hapo ndege anafanya kazi zake zote mbili.

Lakini Julai 20, 2014, katika mtaa wa Shuja'iyya mjini Gaza, gari kuukuu la kubeba askari, M113, lilipigwa na RPG na askari saba wakafa. Gari lile halikuwa na Trophy. Kinga ilikuwa imetangulia kwa vifaru, na wale saba walipelekwa vitani ndani ya bati. Baada ya hapo wanunuzi waliongezeka haraka: Marekani iliagiza Trophy kwa ajili ya vifaru vyake vya Abrams mwaka 2018, Ujerumani kwa ajili ya Leopard 2 mwaka 2021.

Kisha adui akaja kutoka juu. Oktoba 7, 2023, droni ndogo ilidondosha bomu juu ya Merkava yenye Trophy karibu na Gaza. Rada ilikuwa imefundishwa kutafuta kitu chenye kasi, na bomu lile lilianguka polepole kama embe. Nchini Ukraine, ambako droni za bei ndogo zimechoma vifaru vingi, Abrams 31 zilizotoka Marekani zilifika bila Trophy. Mafundi wakazichomelea vizimba vya chuma kichwani, na Warusi wamefanya vivyo hivyo kwa vifaru vyao. Pande zote mbili zimewapa askari bunduki za marisau, zile za kuwindia ndege, wakae juu ya deraya huku gari likienda, shingo zimeinuliwa, wakisikiliza mlio wa mapangaboi.