Jukwaa au Msingi? Historia Fupi ya Dhana Moja ya Kompyuta

Makala haya yanakusudia kuchunguza neno moja ambalo wafasiri wengi hulitumia bila wasiwasi. Mafundi wa kompyuta wanalo jina la kukitaja kichakataji pamoja na vyote vinavyokipokea: soketi ya kukikalisha, ubao mkuu wenye soketi hiyo, na aina ya kumbukumbu inayokubaliana navyo. Kwa Kiswahili jina hilo limefasiriwa kuwa jukwaa. Neno limeenea, na hatuna nia ya kulifukuza kila mahali lilipokwisha kukaa. Lakini katika jambo moja, yaani kuchagua kichakataji cha kompyuta ya michezo ya bei nafuu, twaona kwamba linampotosha mnunuzi, na mnunuzi huyo aghalabu ni mtu asiye na fedha za kununua mara mbili. Jukwaa ni mahali pa kupanda na kushuka. Msemaji akimaliza humpisha mwingine, na jukwaa halimkatai mtu. Dhana tunayoizungumzia hukataa, tena hukataa wengi.

Dhana yenyewe si ngeni katika nchi hii, wala haikuja na kompyuta. Katika karne ya 19 misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ililipia chakula na hongo kwa vitambaa na shanga. Shanga hizo hazikuwa fedha ya mahali pote. Henry Morton Stanley, katika kitabu chake cha mwaka 1872, ameeleza kwamba shanga nyeusi zilipokewa Ugogo lakini kwa watu wengine hazikuwa na thamani yoyote, na kwamba zile nyeupe zilizoitwa merikani zilifaa Ufipa lakini zingedharauliwa Ukonongo. Mwaka 1871 vita vya Mtemi Mirambo, ambaye jina lake ndilo lililozaa jina la Urambo, viliifunga njia ya kawaida kutoka Tabora kwenda Ujiji, na Stanley akalazimika kuzunguka kusini, kupitia Ukonongo huohuo. Msafiri aliyefunga mizigo yake pwani kwa shanga nyeupe tupu, kisha njia ikambadilikia namna hiyo, angejikuta amebebesha wapagazi mali isiyonunua hata kibaba cha mtama. Uzuri wa shanga usingemsaidia kitu. Lililotakiwa ni kujua, kabla ya kuondoka, zitapokewa wapi na zitakataliwa wapi.

Kompyuta ya kwanza ya Serikali ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, nayo ilikuwa ICT 1500. Asili ya mashine hiyo ilikuwa kampuni ya RCA ya Marekani. Kampuni ya Kiingereza ya ICT iliiuza kwa jina lake yenyewe. Mwaka uliotangulia, 1964, ICT ilikuwa imekwisha kutangaza mfululizo wake mpya wa 1900, ambao ulitokana na mashine iliyobuniwa Kanada na ulizipanga tarakimu kwa namna nyingine kabisa. Majina yalifanana na muuzaji alikuwa mmoja, lakini programu iliyoandikwa kwa 1500 haikuweza kuendeshwa katika 1900 bila kuandikwa upya. Hadi kufikia mwaka 1974 kompyuta nchini zilikuwa bado za kuhesabika, na nyingi zilikuwa za mfululizo huo wa 1900. Mwaka huohuo Serikali, iliyokwisha kupata taabu nyingi katika kuweka hesabu zake kwenye kompyuta, ilizuia uingizaji wa mashine hizo. Zuio lile likaja kulegezwa baadaye, hatua kwa hatua. Hatusemi kwamba tofauti ya 1500 na 1900 ndiyo iliyoleta zuio, kwani uhaba wa wataalamu wa kwetu ulikuwa tatizo kubwa zaidi. Tunasema tu kwamba dhana hii ilikuwapo katika ofisi ya umma tangu siku ya kwanza, nayo haikuwa na jina.

Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa mwaka 1967, miaka miwili baada ya mashine ile kufungwa. Kwa hiyo mashine ilitangulia, maneno yakaifuata mbio. Tangu hapo wino mwingi umemwagwa juu ya jina la mashine nzima, kama iwe kompyuta, ngamizi au tarakilishi, na majina ya viungo vyake tukawaachia mafundi. Wao husema prosesa na madabodi, na kazi inakwenda. Kwa kweli hawadai jina la viungo vyote kwa pamoja, kwa sababu wanavishika kwa mikono na wanaona wenyewe kipi kinaingia wapi. Anayelihitaji jina ni yule anayenunua kwa kusoma karatasi.

Hata huko zilikotoka mashine hizi, dhana hii haikuwa na uzito uleule nyakati zote. Katikati ya miaka ya 1990 soketi moja, iliyoitwa Socket 7, ilipokea vichakataji vya Intel, vya AMD na vya Cyrix. Mtu aliweza kununua ubao mkuu leo na kuamua kesho atie kichakataji cha nani. Mwaka 1997 Intel ilileta Pentium II yenye kikalio kipya ambacho wapinzani wake hawakuruhusiwa kukitumia, na mwaka 1999 AMD ikatengeneza cha kwake. Tangu hapo njia zimeachana: anayechagua kichakataji amekwisha kuchagua ubao, na anayechagua ubao amekwisha kujifungia vichakataji vyote vingine nje.

Tena umbo la soketi peke yake halitoshi kuwa ushahidi. Intel ilitoa soketi ya LGA 1151 mwaka 2015. Vichakataji vyake vya mwishoni mwa mwaka 2017 vilitumia soketi ya jina lilelile na idadi ileile ya miguso, lakini vilidai ubao mpya. Kwa upande wa pili, soketi ya AM4 ya AMD ilianza kupokea vichakataji vya Ryzen mwaka 2017, na mbao nyingi za mwaka huo ziliweza kupokea hata vile vya mwaka 2022, mradi programu ya kuamshia mashine ibadilishwe kwanza. Mwalimu akisema jukwaa ni lilelile, je, amesema kweli au uongo? Neno halimpi mwanafunzi njia ya kujua.

Tuchukue sasa kijana wa Urambo mwenye fedha zilizobaki baada ya mauzo ya tumbaku, naye anataka kompyuta ya kuchezea michezo. Sisi si wauzaji, lakini hatuwezi kupima neno bila kupima kazi yake. Katika michezo mingi mzigo mkubwa hubebwa na kadi ya michoro, kwa hiyo shilingi inayookolewa kwenye kichakataji na ubao huzaa faida kwenye kadi. Kijana anayekusudia kununua mara moja na kuitumia mashine hadi ichakae hapotezi kitu kwa kuchukua AM4, ingawa iko mwisho wa njia yake, kwa kuwa inatumia kumbukumbu ya DDR4. Akitaka kujenga kidogokidogo, kadiri fedha zinavyopatikana, AM5 ya mwaka 2022 humgharimu zaidi mwanzoni, maana haipokei ila DDR5, lakini imeendelea kutolewa vichakataji vipya. Soketi ya Intel ya LGA 1700, iliyotoka mwishoni mwa mwaka 2021, ina mbao za DDR4 na mbao za DDR5, na hizi hazibadilishani kumbukumbu. Mwaka 2024 Intel ikahamia soketi nyingine. Iko pia njia ya kuanza na kichakataji chenye uwezo wa michoro ndani yake, na kadi ikaja baadaye.

Njia inayovutia kuliko zote kwa bei ni kompyuta iliyokwisha kutumika ofisini. Hapa tunaonya, kwa kuwa nyingi zina ubao na kigawa umeme vya umbo la mtengenezaji peke yake, ambavyo haviondoleki na kutiwa vingine vya dukani. Urambo ina kumbukumbu yake ya jambo hili. Ilikuwa mojawapo ya sehemu tatu za mpango wa karanga wa Waingereza ulioanza mwaka 1947, pamoja na Kongwa na Nachingwea. Mpango ule ulinunua matrekta yaliyosalia vitani, mengine kutoka Ufilipino. Yaliharibika upesi, na vipuri vyake vikawa shida kupatikana. Ulipofutwa mwaka 1951, pauni zipatazo milioni 36 zilikuwa zimepotea.

Kwa dhana hii, basi, tunapendekeza neno msingi: msingi wa kichakataji. Nyumba zetu nyingi hujengwa kwa awamu. Mwananchi humwaga msingi mwaka huu, husimamisha boma mwaka ujao, huezeka akipata. Naye anafahamu, bila kufundishwa, kwamba msingi wa vyumba viwili hauchukui ghorofa. Sentensi isemayo “chagua msingi kabla ya kichakataji” inajieleza yenyewe. Tunajua pingamizi lake. Msingi limelemewa tayari na elimu ya msingi, haki za msingi na mahakama za mwanzo zilizoponea chupuchupu. Ndiyo maana hatulipendekezi likae peke yake katika maandishi ya zabuni wala katika vitabu vya shule, ila likiandamana na kichakataji.

Linabaki neno soketi, ambalo kwa msomaji wa kawaida ni tundu la umeme ukutani. Tundu ni pana mno. Kikalio, tulilolitumia hapo juu, linaeleza vizuri, ila walimu wanaofundisha vijana wa kidato cha pili watatuambia kama darasa linaweza kulisikia bila kucheka.