Watu wa Mawe na Shanga Zao

Nyinyi mlioolewa Kashaulili, kule Mpanda, mnaliona jua likihama: Juni huchomoza kaskazini kidogo ya mashariki, Desemba kusini yake. Ukisimamisha jiwe uani na kulitazama kila asubuhi, utayajua majira bila kalenda. Ndiyo maana watu wakikuta mawe ya kale yamesimamishwa, huuliza kwanza yameelekezwa wapi mbinguni.

Swali hilo liliulizwa Kalokol, magharibi ya Ziwa Turkana nchini Kenya, penye nguzo 19 za mawe. Waturkana hupaita Namoratunga, yaani watu wa mawe. Mwaka 1978 watafiti Lynch na Robbins waliandika kwamba nguzo hizo zinaelekea nyota saba ambazo Waborana huhesabia siku zao. Mwaka 1982 Robert Soper akaonyesha kwamba mawe yenyewe yana sumaku inayoipotosha dira. Vipimo vikarudiwa, ubishi ukaendelea.

Jibu la wazi zaidi limetoka ardhini. Lothagam Kaskazini, penye nguzo kama hizo upande huohuo wa ziwa, wachimbaji walikuta makaburi. Matokeo yalitangazwa mwaka 2018: watu wasiopungua 580, waliozikwa kuanzia miaka 5,000 hivi iliyopita. Wakati huo mvua zilikuwa zimepungua, ziwa linarudi nyuma, na wafugaji ndio kwanza wanaingia na mifugo yao.

Lililotugusa sisi ni hili: wamo wanaume, wanawake na watoto wachanga, na karibu kila mmoja alizikwa na mapambo yake, shanga za mawe ya rangi na za maganda ya mayai ya mbuni. Halikuonekana kaburi la bwana mkubwa lililowekwa juu ya wengine. Katika miaka ya shida, hawakumwacha mtu aende bila kuheshimiwa.

Sisi huwasitiri wetu kwa sanda nyeupe, tajiri na maskini sawa. Wao waliwavisha shanga, wakubwa kwa wadogo. Basi bi harusi unayehesabu dhahabu za wenzio, jipambe kwa ulichojaaliwa na ufurahi. Pambo ni heshima, si mizani ya kumpima mtu.