Vuta, Acha, Vuta: Jinsi Wavuvi wa Sibasi Walivyojifunza Kutulia

Wavuvi wa pwani yetu wana neno zuri sana: kurambaza. Unatupa mshipi nyuma ya chombo, chombo kinakwenda, chambo kinafuata, na nguru akiona kitu kinamkimbia anakifukuza. Siku hizi kuna watu wanalitumia neno hilohilo kwa kuzurura kwenye intaneti, na wengi wao wala hawajui kwamba limetoka baharini. Katika kurambaza, mwendo wa chambo ni mwendo wa chombo. Mkono kazi yake ni kushika na kungoja.

Leo lakini nataka kuwapeleka pwani nyingine kabisa, Uingereza na Ireland, kwa watu wanaosimama kwenye miamba wakirusha chambo bandia na kukivuta wenyewe. Watu hawa hawana chombo cha kuwapangia mwendo, kila kitu kiko mkononi. Na bado iliwachukua karibu karne nzima kuupa mkono uhuru huo. Historia yao inanivutia kwa sababu ni historia ya jambo dogo mno: kuacha kuvuta.

Kwanza samaki mwenyewe. Waingereza wanamwita sea bass, wanasayansi wanamwita Dicentrarchus labrax. Mimi nitamwita sibasi, maana nikiandika "basi" nusu yenu mtadhani naongelea usafiri wa Mbagala. Ni samaki wa rangi ya fedha, mwenye miba mikali mgongoni, anayependa mahali mawimbi yanapovunjika juu ya miamba, na kwenye midomo ya mito. Anakula samaki wadogo, kaa na kamba. Tatizo lake ni kwamba hana haraka ya kukua. Katika maji ya Uingereza jike wa sentimita 42 ana umri wa takriban miaka sita, na ndipo anapoanza kuzaa. Wapo wanaovuka miaka 20. Ukumbuke umri huo, tutaurudia.

Sasa twende Bradford, mji wa viwanda vya sufu kaskazini mwa Uingereza. Mwaka 1905 bwana mmoja wa biashara hiyo, Alfred Illingworth, alisajili hataza ya kifaa cha kukunjia mshipi ambacho gurudumu lake halizunguki wakati wa kurusha. Mshipi unachomoka tu ukingoni, kama uzi unavyochomoka kwenye vigurudumu vya uzi kiwandani, na inasemekana wazo alilipata hukohuko kiwandani. Kwa kifaa hicho mtu wa kawaida aliweza kurusha chambo chepesi mbali, kisha akazungusha mpini na chambo kikarudi kwa mwendo uleule mwanzo hadi mwisho.

Mwendo uleule. Hapo ndipo tabia ilipoanza. Chambo bandia cha wakati huo kilikuwa mara nyingi cha chuma: vijiko vinavyong'aa, visamaki vya bati vinavyojizungusha. Ukiacha kuvuta, kinazama. Na sibasi anakaa kwenye miamba iliyojaa mwani, ambako kitu kinachozama hakirudi. Mvuvi aliyesimamisha mkono alipoteza chambo, na pesa yake. Kwa hiyo akavuta, tena haraka, bila kupumzika, na akamfundisha mwanawe kuvuta. Ndiyo maana nasema kanuni ya kuvuta mfululizo haikutungwa na samaki, ilitungwa na uzito wa chuma. Watu walidhani wanafuata tabia ya sibasi kumbe wanaogopa mwani.

Aliyeivunja kanuni hiyo hakuwa hata mvuvi wa sibasi. Lauri Rapala alikuwa maskini wa Finland, mvuvi wa ziwani, mtu wa mitego na mishipi mirefu ya ndoana nyingi. Akiwa kwenye mtumbwi wake alikuwa na muda mwingi wa kutazama maji, na aliona jambo moja tena na tena: samaki mkubwa akivamia kundi la wadogo, hamkamati yeyote tu. Anamchagua yule anayeyumba, anayeogelea upandeupande kama aliyeumia. Mwaka 1936 Rapala akachonga kisamaki cha kizibo kwa kisu cha fundi viatu, akakivika karatasi ya kung'aa ya kufungia chokoleti, kisha akayeyusha negativu za picha apate kitu cha kukipaka kisiingie maji. Mnaopenda kusema kwamba bila mtaji hakuna uvumbuzi, msome sentensi hiyo mara mbili.

Kisamaki kile kiliyumba. Dunia ikakijua rasmi Agosti 1962, jarida la Life la Marekani lilipokiandika katika toleo ambalo jalada lake lilikuwa na Marilyn Monroe, aliyekuwa amefariki siku chache tu nyuma. Toleo likanunuliwa na watu wasiojua ndoana ni nini, na waliouza kisamaki cha Rapala huko Marekani wakafurikwa na maombi wasiyoweza kuyatimiza. Tangazo la namna hiyo huwezi kulinunua.

Lakini kwa hadithi yetu jambo kubwa si kuyumba. Ni kwamba kizibo, na baadaye mti mwepesi wa balsa, kinaelea. Ukikivuta kinapiga mbizi. Ukiacha, kinapanda juu taratibu kana kwamba kimechoka. Kwa chambo cha namna hiyo mtu aliyesimama juu ya mwamba wenye mwani aliweza kusimamisha mkono bila kupoteza chochote. Mlango ulikuwa wazi. Ajabu ni kwamba wavuvi wengi wa sibasi hawakuuingia kwa miaka mingi. Waliendelea kukunja mshipi mfululizo na chambo kinachoelea, kama mtu aliyenunua gari lenye gia tano anayeendesha kwa gia moja.

Mmoja wa waliowaamsha alikuwa Mike Ladle, mwanabiolojia wa Dorset, kusini mwa Uingereza, ambaye kazi yake ilikuwa mito na starehe yake bahari. Mwaka 1983 yeye na wenzake walitoa kitabu kilichoitwa Operation Sea Angler. Kilitetea vile visamaki vinavyoelea kwa sibasi wa miambani, na zaidi ya hapo kilitetea akili ya utafiti: tazama kwanza samaki anakula nini, wapi na saa ngapi, ndipo uamue chambo chako kitembee vipi. Leo linasikika la kawaida. Wakati ule wavuvi wengi walikuwa wakibishana kuhusu rangi.

Kisha mshipi wenyewe ukabadilika. Nailoni, iliyotangazwa na DuPont mwaka 1938, ina tabia ya kunyumbuka. Ukiutikisa ufito na mshipi uko mita 40 nje, sehemu kubwa ya mtikiso inafia njiani. Katika miaka ya 1990 ikaenea mishipi ya kusukwa ambayo karibu hainyumbuki kabisa, na ghafla kila kitendo cha kifundo cha mkono kikawa kinafika. Kutoka Marekani vikaja vyambo laini visivyo na risasi wala mdomo wa kuvizamisha, kama Slug-Go ya Herb Reed, ambavyo ukivikunja mfululizo havifanyi lolote la maana. Uhai wake wote uko kwenye mtikiso na kimya kinachofuata. Kutoka Japani, ambako watu humvua sibasi wao (suzuki, wa jamii nyingine) hata kandokando ya jiji la Tokyo, vikaja vyambo ambavyo ukiviacha havipandi wala havizami, vinaning'inia palepale majini. Kwa vifaa hivi hukuwa na hiari. Ilibidi ujifunze kutulia.

Kwa nini kutulia kunafanya kazi? Samaki ana ubavuni mfululizo wa vinyweleo vya hisi vinavyosikia maji yakisukumwa. Anajua kitu kinapita kabla hajakiona. Mwendo usiobadilika unampa muda wa kukifuata na kukikagua, na wavuvi wengi wa sibasi wameona kivuli kikija nyuma ya chambo hadi miguuni pao kisha kikageuka. Mwendo ukikatika ghafla, mfuatiliaji anajikuta juu ya windo lake na hana nafasi ya kufikiri. Samaki mdogo aliyeacha kukimbia ni samaki aliyeishiwa nguvu. Ni lile jambo la Rapala tena, ila safari hii udhaifu hauko kwenye umbo la chambo, uko kwenye muda.

Hapa naweka shaka yangu ya kiuandishi wa habari. Majaribio ya wavuvi ni majaribio ya ajabu. Mtu anavuta haraka saa nzima bila kitu, anabadili, anavuta na kuacha, anapata sibasi, anarudi nyumbani na kanuni. Lakini katika saa ile maji yalikuwa yameanza kujaa, jua limezama, na huenda kundi la samaki wadogo limeingia. Nani alileta sibasi, mkono au bahari? Wachache waliliona tatizo hili na kuanza kuandika daftari: maji, upepo, saa, mwendo. Wengine walikwenda mbali zaidi. Donovan Kelley, mtu asiye na cheo cha kisayansi, alitumia miongo kadhaa kuchunguza sibasi na kusoma umri wao kwenye magamba, kwa sababu gamba lina duara za miaka kama gogo la mti. Hapo ndipo wavuvi walipojua samaki mkubwa mkononi mwao anaweza kuwa na umri wa kijana wa chuo kikuu.

Na sasa ule umri niliowaambia mkumbuke. Ireland ilisimamisha uvuvi wa kibiashara wa sibasi mwaka 1990. Kwingineko meli ziliendelea, na mbaya zaidi ni zile zilizovuta nyavu mbilimbili wakati wa baridi, sibasi walipokusanyika kutaga mayai. Samaki anayengoja miaka sita kuzaa hawezi kushindana na hesabu hiyo. Mwaka 2015 Umoja wa Ulaya ulizuia uvuvi huo kuanzia Januari hadi Aprili, ukapandisha kipimo cha chini kutoka sentimita 36 hadi 42, na ukaweka kikomo cha samaki watatu kwa siku hata kwa mtu mwenye ufito mmoja. Nusu ya kwanza ya 2016 mwenye ufito hakuruhusiwa kuondoka na samaki hata mmoja katika maji ya kaskazini. Ilimbidi amrudishe. Kelele zilikuwa nyingi, na naelewa: aliyevua mmoja kwa wiki aliwekwa kapu moja na aliyevua tani.

Lakini wengi walibaki kwenye miamba wakivua na kuachia. Wakaondoa ndoana za makali matatu, zinazochana mdomo wa samaki, wakaweka ya kali moja, mara nyingi bila kijino.

Kuna utafiti mmoja wa zamani ambao nadhani kila mmoja wao angepaswa kuusoma. Mwaka 1970 Mholanzi J. J. Beukema alichapisha matokeo ya majaribio yake juu ya pike, samaki mla samaki wa maji baridi. Pike aliyewahi kunaswa kwa chambo bandia kinachozunguka alikuwa mgumu sana kunaswa nacho tena. Kwa samaki hai kama chambo, hakuonyesha kujifunza kitu. Pike si sibasi. Lakini kama sibasi naye anakumbuka, basi yule jike wa miaka 15 aliyerudishwa majini mara tatu huko Cornwall ameshakutana na vuta, ameshakutana na acha, na kijana anayepanda mwamba kesho alfajiri itabidi abuni kitu cha tatu.