Historia ya kupima madini yakingali yanatiririka

Leo tuweke kando simu na tovuti, tuingie kiwandani. Mimi kazi yangu ni kuandika programu, na kila siku napokea data kutoka kwa mashine nisizozijua. Kupiga hesabu si shida. Tarakilishi hufanya hilo bila kulalamika. Shida ni hii: ile namba iliyonifikia ilichotwa wapi, na ilichotwa vipi? Swali hilo limeulizwa kwa muda mrefu sana, na kwa gharama kubwa, katika mitambo ya kuchenjua madini. Historia yake inafaa kujulikana na yeyote anayegusa data.

Tuanze na kiwanda chenyewe. Mbale ya shaba inayotoka mgodini mara nyingi haina hata kilo 2 za shaba katika kila kilo 100 za mawe. Mawe hayo husagwa hadi yawe unga, yakachanganywa na maji, ukapatikana uji mwepesi wa rangi ya kijivu. Tangu mwanzoni mwa karne ya 20, hasa kutokana na kazi iliyofanyika Broken Hill nchini Australia, madini hutengwa kwa povu. Uji hutiwa kemikali kidogo na kupulizwa hewa. Chembe za madini hushikamana na viputo na kupanda juu, nayo mawe yasiyo na thamani hubaki chini. Lile povu likikusanywa na kukaushwa ndiyo makinikia. Kinachobaki, ambacho wachimbaji wadogo wa Tanzania hukiita marudio, huelekezwa bwawani.

Sasa jiweke mahali pa mwendesha mitambo. Aongeze kemikali au apunguze? Azidishe hewa? Jibu linategemea kiasi cha shaba kinachotoroka na mabaki saa hiyo hiyo, na shaba hiyo haionekani kwa macho. Zamani mfanyakazi alipita na ndoo, akachota uji, ukachujwa, ukakaushwa, ukasagwa tena, ukapelekwa maabara. Majibu yalirudi baada ya saa kadhaa, mara nyingi zamu iliyohusika ikiwa imekwenda nyumbani kulala. Kufikia hapo mali iliyopotea ilikuwa bwawani tayari. Ilikuwa kama kuendesha matatu usiku ukitegemea habari za barabara alizokupa abiria aliyepita hapo asubuhi.

Dawa ya kusubiri ilitoka kwa wanafizikia. Mwaka 1895 Wilhelm Röntgen aligundua eksirei. Mwaka 1913 kijana Mwingereza, Henry Moseley, alipima eksirei zinazotoka katika elementi mbalimbali akaona zinafuata mpangilio safi kabisa. Ukiipiga atomu kwa mionzi yenye kawi ya kutosha, elektroni ya ndani hung'oka. Elektroni ya nje hushuka kujaza pengo, na kawi inayobaki hutoka kama eksirei nyingine. Eksirei hiyo ni kama alama ya kidole: ya chuma ina kawi ya 6.40, ya shaba 8.05, ya zinki 8.64, kwa kipimo cha kiloelektronivolti. Kwa hiyo huhitaji kuyeyusha kitu kwa asidi. Angaza mionzi, hesabu zinazorudi, utajua kuna nini na ni kiasi gani. Moseley mwenyewe hakuishi kuyaona matunda hayo. Aliuawa vitani Gallipoli tarehe 10 Agosti 1915, akiwa na umri wa miaka 27.

Lakini kabla ya kupima lazima uchote, na sehemu hii ya historia inapitia Afrika. Baada ya vita vya pili vya dunia, Mfaransa mmoja aliyeitwa Pierre Gy alifanya kazi kwenye mgodi wa madini ya risasi (ile ya betri za magari) huko M'Fouati, katika nchi ambayo leo ni Kongo-Brazzaville. Mwaka 1947 ofisi ya Paris ilimwagiza akadirie kiasi cha madini katika lundo la mbale hafifu lililolala pale tangu mwaka 1940. Lundo lilikuwa na tani zipatazo 200,000, kuanzia majabali ya tani kadhaa hadi vumbi. Achote wapi? Juu? Ubavuni? Katikati, ambako mkono haufiki? Popote ambapo angechota, angepata sehemu iliyo karibu naye tu. Swali hilo halikumwacha tena. Alitumia maisha yake yote kujenga nadharia ya kuchukua sampuli, hadi alipofariki mwaka 2015.

Kiini cha nadharia yake ni rahisi kueleza kwa chungu cha githeri. Ukitaka kujua maharagwe ni mangapi ukilinganisha na mahindi, kijiko kimoja cha juu kitakudanganya. Kila punje lazima iwe na nafasi sawa ya kuingia kwenye kijiko. Katika lundo lililolala hilo haliwezekani. Katika kitu kinachotiririka linawezekana: unapitisha chombo chenye mdomo mwembamba kwenye mkondo mzima, ukingo hadi ukingo, kwa mwendo usiobadilika, ukirudia mara kwa mara. Ukitoboa tu tundu ubavuni mwa bomba umeharibu, kwa sababu chembe nzito hukimbilia chini na nyepesi hubaki juu, na tundu lako litaonja upande mmoja.

Basi weka pamoja eksirei za Moseley na mkondo wa Gy, utaona mahali wahandisi walikokuwa wakielekea: mashine inayopima uji ukiwa bado unapita. Hapa waandishi wa programu mtafurahi, kwa maana zilitokea njia mbili, na ubishi wake ni ule ule wetu wa kila siku kati ya seva moja kubwa na vifaa vidogo vilivyotawanywa.

Njia ya kwanza ilikuwa ya Finland. Kampuni ya Outokumpu, iliyopewa jina la mahali ambapo shaba iligunduliwa mwaka 1910, ilitengeneza mashine iliyoitwa Courier 300, mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970. Sampuli zilivutwa kwa mabomba kutoka kila pembe ya kiwanda hadi chumba kimoja. Humo uji ulipita nyuma ya vidirisha vyembamba vilivyopangwa mstari, na kichwa cha eksirei kilitembea kwenye reli kikivitazama kimoja kimoja. Mikondo 14 ilipimwa kwa mzunguko wa dakika 7, yaani sekunde 30 kila mmoja. Kutoka saa kadhaa hadi dakika 7!

Njia ya pili ilikuwa ya Australia. Watafiti wa tume ya nishati ya atomiki ya nchi hiyo walishirikiana na maabara za AMDEL za Adelaide. Wao hawakuuleta uji kwenye mashine, waliipeleka mashine kwenye uji. Vipimo vyao vidogo vilitumia isotopu zinazotoa mionzi zenyewe, na vilizamishwa moja kwa moja kwenye mkondo. Faida ya Wafini ilikuwa kifaa kimoja bora, lakini walikuwa na mabomba mengi ya kuziba. Waaustralia waliepuka mabomba marefu, ila walikuwa na vipimo vingi vya kutunza.

Namba hizo zilihitaji tarakilishi, na tarakilishi za wakati ule zilikuwa ndogo mno. PDP-8, iliyotoka mwaka 1965 na ambayo ndugu zake walisambaa maabara na viwandani, ilianza na kumbukumbu ya maneno 4,096 ya biti 12. Picha ndogo kwenye simu yako isingeingia humo. Hata hivyo kazi iliyotakiwa ilikuwa ngumu. Uji ukiwa mzito au mwepesi, hesabu ya eksirei hubadilika ingawa shaba haijabadilika, kwa hiyo ni lazima kupima pia wingi wa mawe ndani ya maji. Chuma kikizidi, humeza sehemu ya eksirei za shaba. Programu ilibidi irekebishe yote hayo, kwa milinganyo iliyopatikana kwa kulinganisha hesabu za mashine na majibu ya maabara. Ndoo ya zamani haikufukuzwa basi. Iligeuka kuwa hakimu wa mashine mpya.

Mashine hizi zina mipaka yake pia. Eksirei hazipenyi mbali ndani ya uji. Huona tabaka jembamba tu lililo nyuma ya kidirisha. Elementi nyepesi kama magnesi hutoa eksirei dhaifu zinazomezwa na maji kabla ya kufika kwenye kipimo. Dhahabu nayo huwa chache mno, gramu kadhaa tu katika tani nzima ya mbale, kiasi kwamba mashine ya kawaida ya aina hii haiioni. Ndiyo maana hadi leo dhahabu mara nyingi husubiri njia ya kale ya moto, ambapo sampuli huyeyushwa pamoja na risasi. Na jambo la kutisha kuliko yote: bomba la sampuli likiziba nusu, mashine haisemi. Inaendelea kutoa namba nadhifu zenye desimali mbili.

Ukidhani haya ni mambo ya wahandisi peke yao, kumbuka Tanzania mwaka 2017. Mwezi wa Machi serikali ya Rais Magufuli ilizuia usafirishaji wa makinikia nje ya nchi. Makontena 277 yalikwama, na kamati iliyoongozwa na Profesa Abdulkarim Mruma ilichukua sampuli. Mwezi wa Mei kamati ilitangaza wastani wa gramu 1,400 za dhahabu kwa kila tani, sawa na kilo 28 kwa kontena la tani 20. Kampuni ya Acacia ilipinga, ikisema kiasi ni karibu gramu 200, sawa na kilo 4. Neno makinikia likaingia vibandani na kwenye matatu. Mzozo haukuisha hadi Barrick, iliyoinunua Acacia yote mwaka 2019, ilipotia saini makubaliano na serikali mwezi Januari 2020, serikali ikipata asilimia 16 katika migodi.

Sina nia ya kuamua hapa nani alikuwa sahihi. Ninachotaka mwone ni umbo la ugomvi. Pande mbili, makontena yale yale, tofauti ya mara saba. Mapato ya nchi, ajira za watu na sifa ya kampuni vyote vilining'inia kwenye swali la Gy: nani alichota, alichota wapi, na kila punje ilipewa nafasi sawa? Makinikia yakishalala kwenye kontena, swali hilo huwa gumu. Mahali pepesi pa kulijibu ni pale kiwandani, yakingali yanatiririka, mbele ya macho ya pande zote mbili.

Kwa hiyo naona kasi ndiyo iliyokuwa sehemu rahisi ya historia hii. Kutoka saa kadhaa hadi dakika 7 ilichukua kizazi kimoja cha wahandisi. Imani haikuja na kasi, kwa sababu imani haikai ndani ya mashine. Inakaa pale mkondo unapokatwa. Sisi tunaoandika programu za kukusanya takwimu za hospitali, mashamba au kura za maoni tuko pale pale. Mpanda ovyo hula ovyo, hata akiwa na seva ya kisasa.

Ukiwa na ndugu au rafiki aliyefanya kazi kwenye mtambo wa kuchenjua, uwe wa Geita, Kolwezi au Kwale, usimwulize mashine yao ilikuwa ya kampuni gani. Mwulize sampuli ilichotwa wapi, kisha uje utusimulie hapa chini. Maoni yenu nayasubiri.