Sharti la Hati: Katazo Linalobaki na Ardhi

Matangazo ya ploti katika miji ya Mlima Kenya, Kutus ikiwemo, yana maneno mawili ya Kiingereza ambayo wauzaji huyapenda sana: controlled development. Muulize dalali maana yake, naye atakwambia, "Hapa hakuna mtu kujijengea ovyo. Ni bangalo na mezoneti tu, paa la vigae, hakuna fleti, hakuna kioski." Mnunuzi huridhika, hulipa amana na kurudi zake Nairobi. Hajauliza nani hasa aliyekataza, wala katazo limeandikwa wapi. Hajauliza pia kama jirani akiuza ploti yake kesho, atakayeinunua atafungwa na katazo hilohilo.

Lugha ya mtaani haimsaidii kuuliza, kwa sababu mambo yote hayo tumeyatia katika jina moja: "sheria za esteti". Makala haya yanatetea jina jingine, sharti la hati, liwe tafsiri ya kile ambacho wanasheria hukiita restrictive covenant kwa Kiingereza. Ni ahadi ya kutofanya jambo fulani juu ya ardhi, ambayo haimalizikii kwa aliyeitoa bali humfunga kila atakayeimiliki ardhi hiyo baada yake.

Tuanze kwa kulitenga na jamaa zake. Anayetaka kuongeza chumba au kupandisha ghorofa anahitaji kwanza kibali cha kaunti, na hicho ni cha sheria kwelikweli. Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019 inamtaka kila mwendelezaji apate idhini ya serikali ya kaunti, na anayejenga bila idhini anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 500,000 au kufungwa kifungo kisichozidi miezi miwili, au vyote viwili. Halafu kuna kanuni ambazo wakazi wamejitungia wenyewe katika mkutano: saa za kupiga muziki, siku ya taka, mahali pa kuegesha magari ya wageni. Kanuni hizo humfunga mwanachama kwa kuwa ni mwanachama. Sharti la hati si kibali wala si kanuni. Kaunti inaweza kukupa kibali cha kujenga fleti ya ghorofa nne na bado jirani akakuzuia mahakamani, kwa sababu ardhi yenyewe ilikwisha kuwekewa katazo kabla hujaifikia.

Kwa Kutus jambo hili limekuwa la haraka. Mji ulikuwa njia panda ya soko kati ya Kerugoya na mashamba ya mpunga ya Mwea. Ugatuzi ulipoanza mwaka 2013, serikali ya Kaunti ya Kirinyaga iliweka makao yake hapo. Chuo Kikuu cha Kirinyaga nacho kikapata hadhi kamili mwaka 2016. Wafanyakazi wanataka nyumba tulivu za kuishi na familia, wanafunzi wanataka bedsita karibu na chuo, na shamba moja la kahawa au mahindi likikatwa ploti za futi 50 kwa 100, wote wawili hujikuta wanatenganishwa na ukuta mmoja. Mwenye bangalo anaamka asubuhi moja anakuta jirani ameshusha lori la mawe na nondo za kutosha ghorofa tano. Anakimbilia "sheria za esteti", na hapo ndipo anapogundua kwamba hajui hizo sheria zinakaa wapi.

Asili ya sharti lenyewe ni kesi ya bustani. Mwaka 1808, bwana mmoja aitwaye Tulk aliuza bustani iliyo katikati ya Leicester Square, London. Mnunuzi aliahidi katika hati, kwa niaba yake na ya watakaomrithi au kununua kwake, kwamba ataiacha bustani wazi bila kujenga juu yake. Tulk akabaki na nyumba zake zilizoizunguka. Bustani ikapita mikono kadhaa hadi kwa Moxhay, ambaye hati yake haikuwa na ahadi hiyo, ingawa aliijua. Moxhay akataka kujenga. Alisema yeye hakumwahidi Tulk chochote, na kwa kanuni ya mikataba alikuwa na hoja, maana mkataba huwafunga walioufanya. Mwaka 1848 jaji, Lord Cottenham, alimkatalia: si haki mtu anunue ardhi akijua ina katazo, kisha ajifanye hakusikia. Kenya ilirithi fundisho hilo pamoja na sheria nyingine za Uingereza.

Uamuzi huo uliacha mipaka ambayo watu wa esteti husahau. Kinachobaki na ardhi kwa njia hii ni katazo tu: usijenge, usibomoe, usigeuze nyumba kuwa duka. Wajibu wa kutoa pesa au kufanya kazi haubaki. Ndiyo maana wajenzi wengi wa mitaa yenye geti nchini Kenya wamekuwa wakitoa hati za kukodi za miaka mingi pamoja na hisa katika kampuni ya usimamizi, ili sevis chaji idaiwe kwa njia ya hati ya kukodi na uanachama. Kwa fleti na nyumba zinazochangia eneo moja, Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya 2020 imeweka chombo cha wenye nyumba wote, chenye kanuni zake. Ploti ya kawaida ya Kutus, yenye hati yake peke yake, haimo humo moja kwa moja.

Sasa kwa nini sharti, wala si agano? Kamusi nyingi zitakupa agano, na kwa maana hazikosei. Lakini agano katika masikio ya Mswahili ni jambo la watu wawili wanaotazamana: Mungu na Ibrahimu, bwana arusi na bibi arusi. Lina uso na sauti. Mmoja akifa au akiondoka, tunauliza kama agano limebaki. Sharti halina uso. Linakaa katika kitu, na anayekichukua kitu hulichukua nalo.

Na Waswahili wamekuwa na sharti la namna hii tangu zamani, katika wakfu. Mtu wa Mombasa au Unguja akiiweka nyumba wakfu kwa msikiti au kwa kizazi chake, hutaja masharti: isiuzwe, kodi yake inunue mafuta ya taa za msikiti, wakae humo binti zake na watoto wao. Mafakihi waliyaheshimu mno masharti ya mweka wakfu, na karne moja baadaye msimamizi ambaye hakuwahi kumwona bado anafungwa nayo. Tofauti zipo. Wakfu ni ibada na unakusudiwa kudumu milele, ilhali sharti la hati ni la majirani na linaweza kuondolewa. Hata hivyo, fikra ya kwamba nyumba inaweza kubeba neno la mtu aliyekwisha kuondoka si ngeni kwetu, na neno tulilolitumia kwa fikra hiyo ni sharti.

Upande wa Mlima Kenya nao una mifano yake. Katika mila ya Wagikuyu, wakiwemo wa Ndia na Gichugu ambako sasa ni Kirinyaga, ardhi ya mbari ilikuwa na wageni wa daraja mbalimbali. Muhoi aliruhusiwa kulima. Muthami aliruhusiwa kulima na kujenga pia. Ruhusa ya kulima haikuwa ruhusa ya kusimamisha nyumba, na kila mmoja alijua yuko daraja gani. Kulikuwa pia na kirumi, neno zito la mzee kwa wanawe, ambalo lingeweza kuwakataza kuuza shamba, na kizazi kizima kikaliogopa. Sitasema kirumi na sharti la hati ni kitu kimoja. Nasema mzee wa Kutus akielezwa kwamba kuna neno linalobaki na shamba baada ya msemaji kuondoka, hatahitaji kesi ya London ili aelewe.

Tatizo kubwa la Kutus liko katika hati zenyewe. Ardhi nyingi ya Kirinyaga ni ya umiliki wa kudumu, iliyopimwa na kusajiliwa baada ya Mpango wa Swynnerton wa 1954, vipande vilipounganishwa na wakulima kupewa hati. Mwenye shamba akilikata leo, baada ya kupita bodi ya ardhi, kila ploti hupata hati mpya safi. Yale masharti ya dalali mara nyingi yako katika mkataba wa mauzo tu, karatasi tano au sita zinazolala kwenye faili ya wakili. Mnunuzi wa kwanza anafungwa. Akimuuzia mwingine ambaye hakuambiwa chochote, katazo linapotea, na majirani wanabaki na kumbukumbu tu.

Dawa yake inajulikana. Daftari la ardhi la Kenya lina sehemu tatu kwa kila kipande: ya kwanza hueleza ardhi, ya pili mwenyewe, na ya tatu hubeba mizigo yake, kama rehani. Hiyo ya tatu ndiyo pahali pa sharti. Likisajiliwa pale, kila atakayeomba upekuzi katika ofisi ya ardhi ya Kerugoya atalikuta, na hakuna atakayesema hakujua. Ndiyo sababu nasisitiza neno hati katika istilahi hii. Mnunuzi akizoea kusikia "sharti la hati", ataliuliza kwa jina: liko kwenye hati, au liko mdomoni?

Historia ya chombo hiki ina doa ambalo mwandishi wa istilahi hana haki ya kulificha. Nairobi ya kikoloni ilitumia masharti ya hati kuwazuia Waasia na Waafrika kumiliki au kukaa katika mitaa ya Wazungu. Hata Waraka wa Devonshire wa serikali ya Uingereza, wa 1923, ulipoacha wazo la kutenga mitaa ya miji kwa sheria, makatazo ya ndani ya hati yaliendelea na kazi yake kimyakimya. Marekani ilikuwa hivyo hivyo hadi kesi ya Shelley dhidi ya Kraemer, mwaka 1948, Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilipoamua kuwa mahakama haziwezi kutekeleza katazo la rangi. Katiba ya Kenya ya 2010 inapiga marufuku ubaguzi, lakini bado naona masharti ya nyumba yanayokusudia kumweka mbali maskini kwa jina la usafi wa mtaa. Katazo la kufuga kuku hata watatu nyuma ya nyumba, katika mji uliozungukwa na mashamba, linastahili kuulizwa linamlinda nani.

Hata hivyo, mtaa usiofuata sharti lolote tunaujua pia. Buruburu, Nairobi, ulijengwa kwa awamu kuanzia miaka ya 1970, nyumba za vigae zenye nyua ndogo mbele. Leo katika barabara nyingi nyua hizo zimejaa maduka na fleti, na nyumba ya asili imefichwa nyuma kama chumba cha stoo. Umoja, uliojengwa miaka hiyohiyo kwa msaada wa Marekani, umepandishwa ghorofa juu ya mabomba ya maji taka yaliyopimwa kwa familia moja. Wenye nyumba walihitaji kipato, na siwalaumu. Lakini maji taka yakifurika, hayachagui aliyejenga na asiyejenga.

Sharti jema, basi, liandikweje kwa Kiswahili? Mikataba ya Kiingereza hupenda maneno mapana, kama vile kutobadilisha mwonekano wa nje usipatane na mazingira. Ukiyatafsiri hivyo hivyo, umeipa kamati ya wakazi rungu, maana "kupatana" kutaamuliwa na mwenyekiti wa mwaka huo. Ningeandika hivi:

"Mwenye ploti hatabadilisha paa, rangi ya kuta za nje, ukuta wa mbele wala geti, wala hataongeza chumba, kibanda au ghorofa, kabla ya kupata idhini ya maandishi ya chama cha wakazi. Chama kisipojibu ndani ya siku 30, idhini itahesabiwa imetolewa. Sharti hili linabaki na ardhi kwa faida ya ploti zote za mtaa huu, na litamfunga kila atakayeimiliki."

Nimetaja vitu kwa majina, kwa sababu fundi hajengi "mwonekano", anajenga paa na geti. Siku 30 ziko pale kwa ajili ya kamati zinazokalia barua. "Kwa faida ya ploti zote" si pambo: bila ardhi inayonufaika, sharti halina wa kulidai.

Chini ya kifungu hicho inafaa iwekwe orodha ya yasiyohitaji idhini, na hapa mtungaji aujue mji. Udongo wa Kutus ni mwekundu, na mvua ya masika huurusha ukutani mpaka usawa wa goti. Ukanda wa rangi ya maruni chini ya ukuta wa krimu uruhusiwe bila barua. Paneli za sola na mtungi wa kupasha maji juani viruhusiwe, almradi visipite mgongo wa paa. Tangi la maji liruhusiwe nyuma ya nyumba. Ua wa kayaba uruhusiwe badala ya ukuta wa mawe, ukikatwa usizidi futi sita. Na jiko la kuni la nje, ambalo mikataba mingi hulikataa kwa neno moja, lipewe umbali wake kutoka kwenye mpaka badala ya kukatazwa, kwa sababu githeri ya watu kumi na wawili haipikwi kwa gesi ya kilo sita.